Fedha ya safari ya nne

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa hapa Dodoma mjini. Baba yangu alikwenda Vita vya Kagera akiwa mgambo. Alirudi mzima wa mwili, lakini tangu tukiwa wadogo hatujawahi kumwona akilala usiku mzima. Mtaani kwetu wako wengine kama yeye, na wako wenye umri mdogo kuliko yeye waliokwenda kulinda amani Kongo na Darfur. Nimesoma kwamba Marekani kuna serikali za mitaa zinazotenga fedha za kuwafuata askari wa zamani kwa ajili ya afya ya akili. Je, halmashauri zetu zinaruhusiwa? Na mtu kama mimi aanzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mfikishie na baba shikamoo yangu.

Ndiyo, zinaruhusiwa. Halmashauri haihitaji sheria mpya wala mfuko mpya ili imtume muuguzi kwa baba yako. Inahitaji shughuli iliyoandikwa kwenye mpango wa zahanati au kituo cha afya, yenye kasma yake, yaani fungu lake la fedha kwenye bajeti, na mtu wa kuulizia kila robo mwaka kama fedha imetoka. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimekupa nusu ya jibu. Nimeona kasma za namna hii zikipitishwa na baraza, zikachapwa vizuri kwenye kitabu cha bajeti, na mwaka ukaisha bila mzee hata mmoja kufikiwa. Nimekuwa muuguzi wa afya ya akili miaka mingi katika mkoa huu, na kwa miaka kadhaa nilikuwa mratibu wa huduma hiyo kwenye halmashauri. Kwa hiyo niruhusu nianzie nyumbani kwa mzee mmoja, halafu ndiyo twende kwa afisa mipango.

Ilikuwa kijiji kimoja cha Chamwino. Nilikwenda na mchanjaji, kwa pikipiki, siku ya huduma ya mkoba ya watoto, ile ya wahudumu kuwafuata watu kijijini. Bibi mmoja aliyemleta mjukuu kupimwa uzito aliniuliza kwa sauti ya chini kama ninajua dawa ya mtu anayeogopa mvua. Tulipomaliza kliniki nikamfuata nyumbani. Mumewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo umegusa ukuta, macho kwenye njia ya kuingilia. Hakuhama pale hata jua lilipomfikia. Bibi akanieleza kwamba Desemba ikifika, radi za kwanza zikipiga, mzee huwakusanya wajukuu wote na kuwalaza sakafuni kifudifudi, kisha yeye hulala mlangoni. "Tumeshazoea, mama," akasema. "Mvua ikinguruma, nyumba nzima tunalala chini." Wale wajukuu wadogo waliamini kila nyumba pale kijijini hufanya hivyo.

Sikumuuliza mzee habari za akili. Mwanamume wa rika lile hapa Ugogoni, ukimuuliza kama ana matatizo ya akili, umemtukana mbele ya mkewe. Nilimuuliza, "Mzee, usingizi unakujaje?" Akanyamaza muda mrefu, akajibu, "Unakuja alfajiri." Siku ile hakuongeza neno. Mwezi uliofuata tuliongea habari za uwele na mbuzi. Mwezi wa tatu akaniambia kwamba anakunywa ili alale. Mwezi wa nne ndipo akataja Mutukula, ule mji wa mpakani na Uganda, akataja na jina la mwenzake ambaye hakurudi, akalia. Mkewe hakuwahi kumwona akilia. Matibabu yake tuliyaanza siku ile, safari ya nne.

Mpango wa halmashauri mwaka ule ulikuwa na fedha ya safari moja. Hizo nyingine tatu nilizipata kwa kudandia pikipiki ya chanjo.

Ndiyo maana nakuomba, mwanangu, usiende kuomba fedha ya kampeni. Kila tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, hupatikana fedha ya fulana, maturubai na spika, na sina ugomvi na siku hiyo. Lakini mtu aliyeficha jambo tangu 1979 hatalitoa mbele ya spika. Analitoa kwa mtu aliyekuja, akaondoka, akarudi, akaondoka, akarudi tena. Fedha unayoitafuta ni ya kurudi. Ni ndogo, na kwa sababu ni ndogo inapotea kirahisi kwenye bajeti.

Sasa, kwa nini halmashauri na si jeshi? Watu wengi huniuliza hivyo, na jibu lake liko kwenye historia ya baba yako. Idi Amin alipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Mwalimu akatangaza vita tarehe 2 Novemba, hawakwenda wanajeshi wa JWTZ peke yao. Walikwenda polisi, magereza, vijana wa JKT, na maelfu kwa maelfu ya mgambo waliotoka vijijini. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, vita ikaisha mwanzoni mwa Juni, na mgambo wakarudi mashambani kwao. Mwanajeshi aliyestaafu kwa utaratibu ana namba yake, pensheni yake, chama cha wastaafu wenzake, na anajua njia ya hospitali ya jeshi. Mgambo aliyerudi kulima ana jina lake tu, na wanaolijua ni majirani. Orodha yake haipo makao makuu ya jeshi. Iko kichwani kwa mwenyekiti wa mtaa na wazee wa kijiji, na hao ni watu wa serikali za mitaa. Hakuna mamlaka nyingine inayoweza kumpata.

Kuna jingine linalokusaidia hapo. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 leo amepita 65. Ameshaingia kwenye kundi la wazee, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza wana haki ya msamaha wa matibabu. Kwa hiyo, kwa baba yako na wenzake, usianze kubishana kuhusu nani ni askari wa zamani na nani siye. Pitia Baraza la Wazee la kata na afisa ustawi wa jamii, mlango ambao tayari uko wazi.

Waliotoka kulinda amani habari yao ni tofauti. Darfur walikufa askari wetu 7 katika shambulio la Julai 2013. Kule Semuliki, Kivu Kaskazini, nchini Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, waliuawa wasiopungua 14. Wenzao waliokuwa kwenye kambi na misafara hiyo wengi ni watu wa makamo, wana watoto shuleni, wengine bado wako kazini. Hao wana jeshi la kuwahudumia, na ningependa waanzie huko. Lakini akishastaafu na kuja kujenga Nkuhungu au Ihumwa, jirani yake wa kwanza ni zahanati ya kata, na mganga mfawidhi wa hapo, yaani mkuu wa kituo, anapaswa kujua cha kumuuliza.

Umetaja Marekani. Mfano ambao nadhani ndio uliousoma ni wa King County, kaunti yenye jiji la Seattle katika jimbo la Washington. Wapiga kura wa kule walikubali mwaka 2005 tozo ya kodi ya majengo na ardhi kwa ajili ya askari wa zamani na huduma za jamii, wakairudia mwaka 2011, mwaka 2017 wakawaongeza na wazee, na mwaka 2023 wakaipitisha tena. Mwaka 2017 kiwango kilikuwa senti 10 kwa kila dola 1,000 za thamani ya nyumba au kiwanja. Ni mfano mzuri, lakini usiende nao kwenye kikao cha kata ukisema "tufanye kama wao". Halmashauri zetu haziwezi kuwapigisha wananchi kura ya kuanzisha tozo. Vyanzo vyake vya mapato vimewekwa na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 na marekebisho yake, na sheria ndogo hupitia kwa waziri. Ukianza na tozo mpya, mjadala wote utaishia kwenye tozo, na baba yako atasahaulika.

Kuna jambo jingine la Marekani ambalo lina faida zaidi kwetu, ingawa fedha yake ni ya serikali kuu yao. Mwaka 1979, mwaka uleule mgambo wetu walipokuwa wanarudi, walianzisha vituo vidogo vya ushauri kwa waliotoka Vietnam. Waliviweka mitaani, nje ya hospitali, kwa sababu askari wale walikuwa hawaendi hospitali, na kati ya waliowaajiri wengi walikuwa askari wa zamani wenyewe. Ugonjwa wenyewe, huu tunaouita msongo unaofuata kiwewe, uliingizwa rasmi kwenye kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Yaani baba yako alirudi nyumbani na kitu ambacho hata vitabu vilikuwa bado havijakipa jina.

Hapa kwetu hospitali nayo ina uzito wake. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, iko Dodoma tangu 1927, na imeponya watu wengi, nami nimejifunza mengi ndani ya kuta zake. Lakini unajua jina hilo linavyotumika mitaani. Mzee mmoja aliniambia gari lenye maandishi hayo likisimama uani kwake, hata kuku wake hatapata mnunuzi. Basi huduma iende na pikipiki ya zahanati, na muuguzi avae kama siku zote, apime presha kwanza. Presha ni salamu nzuri sana kwa mzee. Mirembe ibaki kuwa mahali pa rufaa na pa kufundishia wauguzi wetu.

Sasa twende kwenye fedha.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Watu wengi huja na maombi yao Aprili, wakisikia Bunge la bajeti redioni, na wakati huo kila kitu kimeshafungwa. Madiwani hupitisha rasimu mapema katika mwaka, na kabla yao watu wa mipango wameshaingiza shughuli kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti. Kwa hiyo msimu wako wewe ni Septemba hadi Novemba. Anza na mkutano wa mtaa. Ajenda iwe moja na iandikwe kwenye muhtasari, usainiwe na kugongwa muhuri, kwa sababu jambo lisilo kwenye muhtasari huwa halikusemwa. Muhtasari uende kwa mtendaji wa kata, aufikishe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata ambako diwani ndiye mwenyekiti. Usiende mikono mitupu. Nenda na idadi: mtaa wetu una askari wa zamani na mgambo wa Kagera kadhaa, na walinzi wa amani wastaafu kadhaa. Idadi tu. Majina na hali zao yabaki kwa muuguzi, la sivyo hakuna atakayekubali kuandikwa mwaka unaofuata.

Wakati huohuo, na hapa ndipo watu wengi hawajui, nenda zahanati. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, zinapelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kila kituo kinaandaa mpango wake. Kituo kina Kamati ya Usimamizi, na wajumbe wake ni pamoja na wananchi wa kawaida kama wewe. Mwombe mganga mfawidhi na mwenyekiti wa kamati hiyo waingize shughuli yenu. Mipango ya vituo ndiyo inayoingia kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, na mpango huo tayari una nafasi ya magonjwa yasiyoambukiza, ambamo afya ya akili imo, na nafasi ya ustawi wa jamii. Huombi kujengewa nyumba. Unaomba chumba kwenye nyumba iliyopo.

Andika kwa lugha yao. Usiandike "kuwasaidia mashujaa wetu", maana maneno hayo hayana bei. Andika hivi: kufanya huduma ya mkoba ya afya ya akili kwa wazee na askari wa zamani katika mitaa 4 ya kata, kwa safari 1 kila mwezi, kwa kutumia watumishi 2, ifikapo Juni. Afisa mipango akiona hivyo anaweza kuhesabu. Safari 12 kwa mwaka, watumishi 2, ni siku-kazi 24. Anaweka mafuta ya pikipiki, posho ya siku, vocha ya simu ya kumkumbusha mzee, na dawa. Sisi tulikuwa tunaipanga safari ya kata moja ikutane na siku ya chanjo ya mtaa uleule, na mafuta yakawa tayari yapo. Zinabaki posho na dawa.

Dawa nitaisemea kwa nguvu. Kabla ya safari ya kwanza, hakikisha kituo kimeziagiza Bohari ya Dawa, kwa mfano fluoxetine kwa wenye sonona na kiwewe. Na waombe waganga wasizoee kumpa mzee diazepam kila anapolalamika usingizi. Inamlaza wiki mbili, halafu anakuwa na matatizo mawili, na kama anakunywa pombe inaweza kumuua. Ukimfuata mtu miezi minne, akakufungulia moyo, kisha ukamwambia dawa hakuna, hutamwona tena. Nimewahi kufanya hivyo, kwa sababu ya uhaba ambao haukuwa wangu, na bado ninamkumbuka yule baba akinisindikiza hadi barabarani kwa heshima zote. Safari iliyofuata nilikuta mlango umefungwa kwa ndani.

Chanzo cha pili ni mapato ya ndani ya halmashauri. Hapa Jiji lina nafasi kuliko wilaya za jirani, kwa sababu lina leseni, ushuru wa huduma na viwanja. Bahi au Chamwino hutegemea zaidi mavuno. Mazao yakikosa, kasma hukauka. Ukiwa kwenye wilaya ya namna hiyo, omba safari zipangwe zaidi kati ya Julai na Novemba, ushuru wa mazao ukiwa umeingia na barabara zikipitika, ili mzee awe ameshazoea sura ya muuguzi kabla ya radi za Desemba.

Utaambiwa na mtu kwamba ipo asilimia 10. Ni kweli, halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Askari aliyepoteza mguu anaweza kuingia kwenye kikundi cha hao wa mwisho, na watoto wa wazee kwenye cha vijana. Lakini ule ni mkopo, lazima urejeshwe. Mtu asiyelala usiku usimwongezee deni kwa jina la matibabu.

Kisha ufuatilie. Katika halmashauri moja niliyoifanyia kazi, kasma yetu ilipitishwa na robo ya kwanza haikutoa kitu, ya pili haikutoa kitu, ya tatu mafuta yakaenda kwenye ziara ya viongozi. Hakuna aliyekuwa mwovu. Hapakuwa na aliyeuliza, na fedha isiyoulizwa huenda kwa anayeuliza. Baraza la madiwani hupokea taarifa za kata na za utekelezaji kila robo mwaka. Mpe diwani wako swali moja lililoandikwa: kasma hii ilitengewa kiasi gani, imetolewa kiasi gani, na safari zimekuwa ngapi? Alisome kila robo, maneno yaleyale. Mara ya tatu watendaji huja wamejiandaa.

Jambo la mwisho halihitaji kasma kubwa. Zimbabwe, tangu 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda amewafundisha bibi wa mitaani, wahudumu wa afya wa jamii, kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza kwa utaratibu maalumu. Walianzia Mbare, Harare, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba walioketi kwenye benchi zile walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sisi tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na tuna mibuyu. Na tuna kitu ambacho muuguzi kama mimi hana: mgambo wa Kagera waliopata nafuu. Yule mzee wa Chamwino, mwaka uliofuata, alianza kunitangulia kwa wenzake. Alikuwa akibisha hodi, anasema "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, wanaongea kidogo habari za mapigano ya Mutukula na Lukaya, halafu ndipo ananiita niingie. Nyumba ambazo ningezifikia safari ya nne, pamoja naye nilizifikia ya pili. Kama mtawekeza kwenye mafunzo, anzeni na wazee 2 wa namna hiyo, na muwalipe nauli yao kwa heshima, wasiombwe kujitolea tena.

Na baba yako asisubiri bajeti. Usimwambie umepata ushauri wa daktari wa akili. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu apimwe presha, na umnong'oneze muuguzi kabla: usingizi, ndoto, kushtuka, pombe, tangu lini. Mkae naye upande anaouchagua yeye, msimshike bega kwa nyuma akiwa amelala, mwiteni kwa jina mkiwa mlangoni. Akianza kusema amechoka kuishi, au akianza kugawa vitu vyake, msimwache peke yake. Ondoeni nyumbani sumu za shambani na kamba, na mpelekeni siku hiyohiyo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Mirembe, hata kama ni usiku, hata kama majirani wataona.

Muhtasari wa mtaa wenu ukishapigwa muhuri, niandikie uniambie kata yenu ina zahanati ngapi na siku zao za chanjo ni zipi. Nitakupangia ratiba ya safari 12, uende nayo kwa mganga mfawidhi.